Sumu Nyuma ya Uzio: Kamba Tupu

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Kamba, mfua nguo wa mtaa, amepiga magoti uani kwake, kichwa cha mama mkwe wake kikiwa mapajani, na ukungu mweupe wa dawa ukivuka uzio wa shamba la halmashauri kuja upande wa nyumba. Tulimwacha ameinua macho kumtafuta dereva wa trekta, amtukane tusi ambalo mhariri wa gazeti hili angelifuta.

Basi, akamwona.

Barakoa ilimfunika dereva pua na mdomo, kofia ikamfunika paji la uso. Lakini mke hahitaji kuona uso mzima. Ovaroli lile lilikuwa na kiraka cha bluu begani, na kiraka hicho alikishona yeye mwenyewe. Kila wiki alilifua peke yake, kwenye beseni la peke yake, akamwaga maji mbali na kisima.

Alikuwa mume wake.

Mume yule yule aliyetoka asubuhi huku bado anatafuna, akasema, "Leo hatupulizii, mke wangu. Naenda kuziba pancha tu."

"Baba watoto!" Mama Kamba akapiga kelele mpaka koo likauma. "Zima hilo dude! Mama anakufa huku!"

Nani angemsikia? Injini ilinguruma, boza la dawa likatikisika nyuma ya trekta, na mabomba yalitanuka kushoto na kulia yakitema kila upande. Dereva alikuwa anatazama mahindi. Viwavi walikuwa wanakufa huko shambani, na huku uani mama yake mzazi alikuwa anatokwa mate na jasho, pumzi inaingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi.

Mtaa mzima ulimwita Bibi Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. Alianza asubuhi na salamu, akamaliza jioni na umbea, na katikati alitangaza bei za sokoni na magonjwa ya majirani. Leo redio ilikuwa inakoroma tu.

Mama Kamba akatafuta jiwe la kutupa. Hakuona jiwe. Mkono wake ukaangukia kwenye beseni, ukatoka na shuka lililolowa, jeupe, zito. Hakufikiri. Akalitupa juu ya kamba iliyokuwa karibu, upepo ukalidaka, ukalivuta kuelekea mlango wa nyumba.

Trekta likazimwa hapo hapo.

Kelele zote zile hazikulizima, shuka moja likalizima. Liweke hilo akilini, msomaji.

Dereva akaruka chini, akaja mbio mpaka kwenye uzio, akavua barakoa. Neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Mbona kamba zako ziko tupu?"

"Nini?"

"Nguo! Nguo ziko wapi?"

"Mama yako anakata roho, wewe unaniuliza nguo?"

Ndipo alipotazama chini. Wenzake kazini walimwita Boza, kwa jina la tangi alilokuwa akilivuta na kwa ukubwa wa kifua chake. Kifua hicho chote kikanywea. Alishika waya wa uzio kwa mikono miwili, akaukanyaga mpaka ukalala, akavuka.

"Mama!"

"Usimguse!" Mama Kamba akamkinga kwa mwili wake. "Umejaa dawa mpaka kwenye kope. Nenda kasukume mkokoteni. Wifi! Wifi we!"

Mlango ukafunguka, akatoka dada yake Boza, mkono mmoja mgongoni na mwingine juu ya tumbo la mimba iliyokaribia. Alikuwa amelala mchana, kama mkunga alivyomshauri. Kuona vile akataka kulia.

"Utalia baadaye. Funika pua, uniletee sabuni na ndoo zile za kusuuzia, kisha urudi ndani."

Kama kuna mtu aliyejua kuondoa kitu mwilini mwa kitambaa, ni Mama Kamba, na sasa ilikuwa zamu ya ngozi. Akamvua mama mkwe gauni lililolowa ukungu, akalitupa mbali, akammiminia maji, akampaka sabuni shingoni, kwapani, kwenye nywele, akammiminia tena. Bibi Redio akafumbua jicho moja.

"Nisitiri, mwanangu," akanong'ona. "Watu..."

"Nakusitiri, Mama. Nyamaza tu."

Alimfunga kwenye shuka la maua mekundu, mali ya mke wa mwalimu, lililotakiwa kurudishwa jioni hiyo likiwa limepigwa pasi. Wakampakia kwenye mkokoteni wa kusambazia nguo, Boza akasukuma, Mama Kamba akashika kichwa cha mgonjwa, Wifi akafuata nyuma akihema. Watu wakachungulia madirishani. Hakuna aliyeuliza. Harufu ilikuwa imeshawafikia.

*

Zahanati ilikuwa juu ya kilima kidogo mwisho wa mtaa, jengo la vyumba vichache lenye baraza refu. Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu.

"Amekula nini?"

"Hajala. Amevuta," akasema Mama Kamba. "Dawa ya shambani."

Muuguzi akamfunua mgonjwa kope. Mboni ya jicho ilikuwa imekuwa ndogo kama tundu la sindano. Hakuuliza tena. Akaita mwenzake, akavunja kichupa, akavuta sindano, na huku anafanya hayo akamtazama Boza kuanzia kofia mpaka mabuti.

"Na wewe ndiye uliyepulizia?"

"Ndiyo, dada."

"Na umeniingilia humu na nguo hizo? Toka! Vua zote huko nje, ufunge kwenye mfuko, uoge kwenye bomba la nyuma. Nina mgonjwa mmoja wa sumu, sitaki wawili. Na wewe mama, nenda kanawe mpaka kwenye viwiko."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mwanaume yule mkubwa, ambaye hata ng'ombe walimpisha njia, alirudi barazani amejifunga shuka jingine kutoka kwenye mkokoteni, la rangi ya waridi, lenye ndege wadogo wadogo. Siku nyingine mkewe angecheka mpaka akae chini. Leo alisogea tu kwenye benchi ili ampe nafasi, na hata hiyo haikuwa kubwa.

Ndani walikuwa wanasikia muuguzi akihesabu pumzi za Bibi kwa sauti. Kila alipokawia kutaja inayofuata, Boza alifumba macho.

"Ulisema unakwenda kuziba pancha," akasema Mama Kamba.

"Na nikaziba. Kisha Bwana Shamba akanijia na funguo. Akasema viwavi wamefika mistari ya uzioni, viongozi wa halmashauri wanakuja kukagua leo, lazima tumalize kabla hawajafika."

"Alituahidi! Alisimama pale getini, mkono kifuani, akasema haitapulizwa tone mpaka mkutano wa Jumamosi!"

"Nikamwuliza, na watu wa nyumba je? Akasema wameshaambiwa. Nikauliza, mbona king'ora sijakisikia? Akasema king'ora kimeharibika, wametangaziwa kwa mdomo. Kisha akaninyooshea kidole kwenye kamba zako. Akasema, 'Tazama mwenyewe. Hata mkeo ameanua.'"

Mama Kamba akageuka taratibu.

"Kamba zangu zinahusiana nini na dawa yenu?"

Boza akavuta shuka la ndege mabegani. Alionekana kama mtu anayetoa siri ya aibu.

"Zamani kulikuwa na kile kifuko cha kitambaa juu ya mlingoti, cha kuonyesha upepo. Kikachanika. Tukaambiwa kingine kinakuja. Hakijaja mpaka leo. Sasa dereva atajuaje upepo unakwenda wapi, akiwa ndani ya kelele na barakoa? Nikawa naangalia nguo zako. Shuka zikicheza kuja kwenu, najua upepo mbaya, siwashi. Zikilalia shambani, king'ora kinapigwa, wewe unaanua, kila mtu anaingia ndani na kufunga madirisha. Nikiona kamba tupu, najua mama yuko ndani, wewe uko ndani. Ndipo nafungua koki."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Ungetaka ulipwe mshahara na halmashauri."

Ulikuwa utani, na ulitoka kwa sauti ya mtu anayetaka kulia. Mama Kamba hakuucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi, maana benchi lilikuwa linazama.

Kwani nani alitoa wazo la kuanua nguo siku ile? Wasomaji wa tangu mwanzo mnakumbuka, na kwa aliyejiunga leo nitasema: ni yeye mwenyewe. Shuka za wateja zilikuwa zimechoka kurudi na harufu. Mama mkwe alikuwa amechoka kukohoa. Wanawake walipokutana kwa Msusi kupanga namna ya kuwafanya viongozi waitazame mistari ile ya uzioni na kukubali isipuliziwe tena, yeye ndiye aliyesimama akasema, "Siku wanayopita, mtaa mzima usianike hata kitambaa cha pua. Wakiona kamba tupu na jua linawaka, watauliza kwa nini. Wakiuliza, tutawajibu." Wakampigia makofi. Wakaapa habari hiyo isivuje.

Na kwa sababu waliahidiwa kwamba hakuna kupulizia, Bibi alitolewa kiti nje apate hewa.

"Nilifanya mimi," akasema Mama Kamba. "Nilikuziba macho."

"Hukujua."

"Wewe ulijua, ukanyamaza!"

"Basi tumefanya wote wawili," akasema Boza, na akainamisha kichwa.

Lakini kulikuwa na mtu wa tatu barazani. Wifi alikuwa ameegemea nguzo, mikono juu ya tumbo, na alikuwa amesikia kila neno.

"Kwa hiyo ni migomo yako, wifi," akasema. "Kama ungeanika kama siku zote, kaka angeona upepo. Mama angekuwa anaongea saa hizi."

"Wifi, si sasa."

"Lini? Tukishamzika?"

Kuna maneno ambayo mtu huyasema kwa hofu, na anayeyapokea huyapokea kwa hofu, na wote wawili hudhani ni chuki. Mama Kamba akasimama. Hasira zikampanda, na akasema kitu ambacho atakijutia kabla jua halijazama.

"Ondoka mbele yangu. Nenda nyumbani kamletee mama yako nguo, hawezi kukaa na shuka la watu. Fanya angalau hilo."

Wifi akafuta macho, akashuka ngazi za baraza akitembea upande upande kwa uzito wa tumbo. Hakuaga.

*

Hakufika mbali kabla wanawake hawajapanda kilima. Mbele yao alikuwa Msusi, jirani wa ukuta mmoja na Mama Kamba, kitana bado kimechomekwa kichwani, maana alimwacha mteja na nusu ya nywele.

"Yuko wapi huyo muuaji?" akasema. Kisha akamwona muuaji mwenyewe, amevaa ndege wa waridi, na kwa kitambo kidogo hakujua aendelee vipi.

"Hajafa mtu," akasema Mama Kamba, akasimama mbele ya mumewe. "Na huyu alidanganywa."

"Alidanganywa na nani?"

"Na mimi labda?"

Sauti hiyo ilitoka chini ya ngazi. Bwana Shamba alikuwa amefika na askari wawili wa halmashauri. Huyu ndiye msimamizi wa shamba lile linalolisha shule na hospitali, mtu wa shati jeupe na maneno laini, ambaye hata akikunyima kitu unaondoka umemshukuru. Akavua kofia.

"Poleni sana, mama zangu. Nimeumia kuliko mnavyodhani. Nilitoa ahadi kwamba hatupulizii, na dereva huyu amewasha trekta bila amri yangu. Nimekuja kumchukua, sheria ifuate mkondo wake."

Boza akainuka ghafla, shuka nusura lianguke.

"Wewe si ndiye uliyenipa funguo? Si ndiye uliyeninyooshea kidole kamba, ukasema wameanua, wameshaambiwa?"

"Nani alisikia?"

Boza akawatazama wote, mmoja mmoja.

"Nauliza kwa upole. Nani alisikia?"

Hakuna aliyesikia. Walikuwa wawili tu nyuma ya ghala, na mmoja wao sasa alikuwa anatabasamu kwa huzuni. Askari wakapanda ngazi ya kwanza.

Mama Kamba akawageukia wenzake. "Ninyi semeni! Mnamfahamu mume wangu. Angempulizia mama yake sumu kwa hiari yake?"

Wanawake wakatazamana. Msusi ndiye aliyefungua mdomo, na ingekuwa heri angeufunga.

"Mimi najiuliza kitu kimoja, shoga yangu. Habari ya kuanua tuliapa isivuje. Mumeo anasema Bwana Shamba alizijua kamba tupu, akazitumia kumdanganya. Alizijuaje mapema hivyo? Ama ulimwambia mumeo kitandani, naye akapeleka kazini. Ama hukumwambia, na Bwana Shamba hakujua lolote, na mumeo anasema uongo. Lipi?"

Hapo ndipo mtego ulipofyatuka. Akisema alimwambia mumewe, yeye ni msaliti mbele ya mtaa. Akisema hakumwambia, anamtia mumewe pingu kwa ulimi wake mwenyewe. Na ukweli ulikuwa kwamba hakumwambia. Alinyamaza siku nzima mpaka mdomo ukamwasha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mmoja akanong'ona nyuma, na kwa mfua nguo methali hiyo iliingia kama kisu.

"Sikumwambia," akasema Mama Kamba. Machozi yakamtoka. "Wallahi sikumwambia. Lakini hasemi uongo."

"Basi," akasema Bwana Shamba, karibu kwa huruma. "Askari."

Walikuwa wamekwisha kumshika Boza mkono pale mlango wa chumba cha wagonjwa uliposukumwa kutoka ndani.

"Anataka kusema," akasema muuguzi. "Nimemkataza. Nimegundua hakataziki."

Bibi Redio alikuwa ameinuliwa kwenye mito, shuka la mke wa mwalimu limemfunika mpaka kidevuni. Uso ulikuwa umesawajika, sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama stesheni ya mbali. Lakini ilikuwa hewani.

"Mwacheni mwanangu," akasema. "Aliyemwambia Bwana Shamba ni mimi."

Mama Kamba hakuelewa. Ilibidi amtazame mdomo.

"Juzi alikuja uzioni, ameniletea mboga. Huwa ananiletea. Nikaona mtu mwema. Nikamwambia, baba, wanawake wanapanga kuanua nguo zote ili kuwaaibisha mbele ya wakubwa, na mkwe wangu ndiye kiongozi wao. Nikamwomba asimfukuze mwanangu kazi, yeye hayumo, hata hajui." Akapumzika. Muuguzi akataka kumlaza, akamsukuma mkono. "Akanishukuru. Akaniambia, mama, wala usihofu, siku hiyo hatupulizii. Wewe toa kiti chako nje, upunge upepo."

Bwana Shamba akavaa kofia yake tena.

"Nikatoa kiti," akasema Bibi Redio.

Mama Kamba alitaka kumkasirikia. Ninakuambia kweli, alitaka kwa moyo wote. Mwanamke yule alikuwa amekula chumvi yake, akasikia mipango yake kupitia ukutani, akaipeleka uzioni kwa fungu la mboga. Lakini alipomtazama pale kitandani, aliona mama aliyekwenda kumwombea mwanawe kazi, basi. Akaenda akamshika mkono, na mkono ulikuwa bado unanuka sabuni yake.

"Mgonjwa anaweweseka," akasema Bwana Shamba.

"Anaeleweka kuliko wewe," akajibu muuguzi.

Askari mmoja akamwachia Boza mkono. Wa pili akamtazama mwenzake, akaachia na yeye. Msusi akachomoa kitana kichwani, na sijui alikusudia kukifanyia nini, lakini Bwana Shamba alirudi nyuma hatua moja. Ulaini ukamtoka usoni.

"Semeni mnachotaka. Mnajua viwavi wakila shamba lile watoto wangapi watakosa chakula shuleni? Mtawalisha ninyi, na nguo zenu? Wakubwa wanakuja kuona mahindi, watayaona mahindi. Kazi ya umma haisimami kwa sababu ya bibi mmoja. Dereva mwingine ameshapanda."

"Dereva gani?" akauliza Boza.

"Wa shamba la pili. Funguo uliziacha kwenye trekta, si ndiyo? Anamalizia ulipoachia."

Na kama vile aliitwa, ule mngurumo ukapanda kutoka bondeni. Mama Kamba aliujua kama anavyoujua mlango wake. Ulikuwa unatoka kwenye mistari ya uzioni.

"Anajua upepo?" Boza akamshika Bwana Shamba shati. "Nakuuliza, umemwambia chochote kuhusu upepo?"

"Dereva ni dereva. Amepewa dawa, amepewa eneo."

Mama Kamba hakungoja mengine. Neno moja lilikuwa limempiga kifuani, nalo ni wifi. Wifi aliyemfukuza yeye. Wifi aliyetumwa nguo.

Akatoka barazani mbio mpaka ukingo wa kilima. Nyuma ya zahanati kulikuwa na shuka za wagonjwa zimeanikwa, na zote, kila moja, zilikuwa zimetuna na kunyooka upande mmoja, kutoka shambani kwenda kwenye nyumba. Chini kule aliona paa lake. Aliona uzio ulioinama pale Boza alipoukanyaga. Aliona kamba zake.

Hazikuwa tupu tena.

Mtu alikuwa uani anaanika. Alikuwa anakwenda polepole, upande upande, tumbo mbele. Alichukua shuka kutoka kwenye beseni, akalirusha kwenye kamba, akalivuta. Kisha jingine. Kisha jingine. Wifi alikuwa amesikia trekta, na alikuwa anafanya lile alilolisikia barazani kwa masikio yake mwenyewe. Alikuwa anamwonyesha kaka yake upepo, akidhani Bwana Shamba na askari aliopishana nao kilimani wamemrudisha kwenye trekta.

"Ingia ndani!" Mama Kamba akalia. "Wifi! Si yeye! Si kaka yako!"

Sauti ikaishia kwenye majani ya kilimani. Boza alifika pembeni yake, shuka la ndege amelikunja mkononi mpaka magotini, na alipoona alichokiona alitoa mlio ambao mkewe hakuwahi kuusikia. Wote wawili wakaanza kuteremka.

Mwisho wa mstari trekta liligeuka. Likaelekea uzioni, mabomba yakatanuka kushoto na kulia, na ukungu ukaanza kutoka. Shuka zilikuwa zinapiga upepo kwa nguvu zote, nyeupe, zinaonekana kutoka popote. Lakini aliyekuwa kwenye usukani hajawahi kufundishwa kusoma nguo.

Wifi akashika ncha za shuka la mwisho, akalinyoosha vizuri, kisha akasimama kando yake, akamngoja kaka yake asimame.